Kabla ya Kuambiwa "Difu Imekufa"



Mada ya mirathi tuliyokuwa nayo tunaiahirisha kwa wiki moja, kwani imetufikia barua ambayo haifai kungojea.

Mama mmoja msomaji wetu ana Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Asubuhi huwapeleka wanawe shule, na jioni husambaza mahamri na sambusa madukani. Riziki ya nyumba yake imo ndani ya gari hilo. Kwa wiki tatu sasa, kila anapoondoa gari husikia kishindo kimoja mbele, "du!", na kila anapoachia mafuta hukisikia tena. Alilipeleka gereji. Fundi alilipiga jeki, akalizungusha gurudumu moja kwa mkono huku na huku, akasema: "Mama, difu imekufa. Utafute giaboksi nzima." Sasa mama huyo anatuuliza iwapo ni busara auze bangili za dhahabu alizorithi kwa mamake ili ainunue hiyo giaboksi.

Jawabu letu la kwanza ni kwamba bangili na zikae sandukuni. Huenda fundi amesema kweli. Lakini alichokifanya hakitoshi kuthibitisha alichokisema, na katika magari ya aina hii difu ni miongoni mwa vitu vya mwisho kushukiwa.

Sisi tumesoma chuoni, hatukusomea gereji. Hata hivyo tumeendesha magari makuukuu kati ya Mombasa na Malindi kwa miaka mingi, na tumekaa na mafundi wema waliotueleza kwa subira. Tuliyoyapata kwao ndiyo haya.

Watu wengi wakisikia neno difu hulifikiria lile yai kubwa la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma ya pikapu au matatu. Huko nguvu ya injini hupita chini ya gari kwa propela shafti mpaka nyuma. Corolla nazo zilikuwa hivyo, mpaka mwaka 1983 Toyota ilipoanza kutoa kizazi kinachovutwa na magurudumu ya mbele. Gari la namna hii halina yai nyuma. Difu yake imefichwa ndani ya ganda la giaboksi, na humo hutoka shafti mbili, ya kulia na ya kushoto, kila moja ikienda kwenye gurudumu lake. Ndiyo maana kusema "difu imekufa" ni kusema neno zito: kuifikia lazima giaboksi ishushwe na kufunguliwa, na mafundi wengi, badala ya kuifungua, huona wepesi kufunga nyingine ya mtumba kutoka Japani. Na hiyo ya mtumba, hakuna ajuaye imepita mikononi mwa dereva wa namna gani.

Kila shafti ina viungo viwili ambavyo mafundi huviita sivi. Sivi ya nje iko nyuma ya gurudumu, nayo hulazimika kupinda sana gari linapokata kona huku ikiendelea kuzungusha. Ndani yake mna gololi sita zinazokwenda katika mifereji ya chuma, muundo uliobuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa katika miaka ya 1920 na ambao magari yanautumia mpaka leo. Sivi ya ndani iko ubavuni mwa giaboksi. Hiyo, zaidi ya kuzungusha, huiruhusu shafti iingie na kutoka kidogo gurudumu linapopanda na kushuka matuta. Katika magari mengi ina roli tatu ndani ya kikombe cha chuma. Zote mbili hufunikwa kwa mpira wenye mikunjo, uliojazwa grisi nyeusi.

Na difu yenyewe kazi yake ni nini? Gari likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu mawili kwenda kwa kasi mbili tofauti. Ndani yake mna vigia vidogo vilivyopangwa kwenye pini. Gari linapokwenda moja kwa moja, vigia hivyo havizunguki kwenye pini yao. Hubebwa tu pamoja na gia kubwa, kama abiria waliokaa kitini. Huzunguka kwenye kona peke yake, tena taratibu. Kwa hiyo huchakaa polepole mno. Kinachoviharibu mapema ni gurudumu moja kuzunguka ovyo kwa kasi huku jingine limesimama, kama gari linaponasa mchangani na dereva akazidi kukanyaga mafuta. Vijana wanaoteremsha magari ya baba zao mpaka ufukweni siku ya Idi wanajua tunachokisema; wanaolipa ni hao hao akina baba. Sababu nyingine ni giaboksi kuvujisha mafuta miezi na miezi bila ya mtu kutazama.

Basi swali la kwanza la kujiuliza, mama, ni hili: je, gari lako limewahi kunasa na kuzungusha gurudumu moja? Na je, pale unapoliegesha huwa pana doa la mafuta? Ikiwa majawabu yote mawili ni la, difu ina ushahidi mkubwa wa kuitetea.

Swali la pili ni la masikio. Nenda kwenye kiwanja kitupu, ukate usukani wote upande mmoja, uzunguke polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kisha upande wa pili. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" inayofuata mwendo wa gurudumu, hiyo ni sivi ya nje, na mara nyingi ni ya gurudumu lililo upande wa nje wa mzunguko: ukikata kushoto ikalia, shuku ya kulia kwanza. Ikiwa gari linatetemeka unapokanyaga mafuta na kutulia mara tu unapoachia, shuku sivi ya ndani. Sauti ya kuvuma inayozidi kadiri mwendo unavyozidi, na kubadilika unapoyumbisha usukani kidogo kulia na kushoto, kwa kawaida ni ya beringi ya gurudumu.

Beringi za difu nazo hulia kwa kufuata mwendo wa gari, gia yoyote utakayotia, na mara nyingi mlio hubadilika kati ya kukanyaga na kuachia mafuta. Mlio unaosikika katika gia moja tu na kutoweka katika nyingine si wa difu, ni wa gia ile. Vigia vidogo vya difu, kwa vile huzunguka konani tu, hulalamika konani na kunyamaza njia inaponyooka. Wenye waume walioko Ghuba, ambao kila ushauri wa gari hupitia simu, na warekodi mlio huo kwa simu hiyo hiyo. Utasaidia kuliko maelezo ya "linafanya hivi".

Lakini mama yetu hakutaja ta-ta-ta wala uvumi. Alitaja kishindo kimoja cha kuondokea na kimoja cha kuachia. Kishindo cha namna hiyo kina wazazi wengi, na wa kwanza kuitwa mbele ya kadhi ni mauntingi, ile mipira inayoishikilia injini. Mpira ukipasuka, injini yote huruka kidogo kila nguvu inapoingia au kutoka. Kuipima hakuhitaji jeki. Boneti ifunguliwe, breki ya mkono ivutwe na ya mguu ikanyagwe kwa nguvu, injini iwashwe. Kisha klachi iachiliwe kidogo katika gia ya kwanza, halafu katika rivasi, au kwa otomatiki gia ihamishwe kutoka D kwenda R. Mwingine asimame ubavuni, asisimame mbele wala nyuma, aitazame injini. Kutikisika kidogo ni kawaida. Ikiinama na kugonga, umempata mwizi, naye ni rahisi mara nyingi kuliko giaboksi.

Mzazi wa pili ni nati kubwa ya shafti katikati ya gurudumu. Ikilegea, au meno ya shafti yanayoingia kwenye habu yakichakaa, hutoa mlio mmoja mkavu gari linapoanza mwendo. Nati hiyo ina kipimo chake cha kukazwa, na haifai kupigwa kwa nyundo na patasi kama tunavyoona katika gereji za kivulini.

Ikiwa hayo mawili ni salama, ndipo tufike kwenye kipimo ambacho fundi alikianza akakiacha njiani. Tunakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kinachookoa bangili.

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na mawe makubwa yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Upande mmoja wa mbele uinuliwe kwa jeki, kisha gari likalishwe juu ya stendi ya chuma. Upande wa pili ubaki chini. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota spana iliyoanguka. Gari la gia za mkono litiwe gia ya kwanza, la otomatiki litiwe P.

Sasa lizungushwe gurudumu lililo juu, mbele na nyuma, kwa mikono miwili. Litakwenda kidogo kisha likwame. Mwendo huo mdogo ndio fundi aliouona akauita kifo cha difu. Hali ya kuwa mwendo huo ni jumla ya nafasi nyingi ndogo zilizokusanyika pamoja. Baina ya jino la gia na jino la gia lazima pawe na nafasi, kwani bila ya hiyo gia zingekwama na kuungua. Mna nafasi ndani ya difu, ndani ya sivi ya ndani, ndani ya sivi ya nje, na pale shafti inapoingia kwenye habu. Katika gari la miaka 25 na zaidi, mwendo wa upana wa kidole kimoja au viwili kwenye ukingo wa tairi haushangazi.

Kazi iliyobaki ni kuigawa jumla hiyo, kila mrithi apewe fungu lake. Fundi achukue chaki, apige alama kwenye shafti, nyingine kwenye kikombe cha sivi ya ndani, na nyingine kwenye ganda la giaboksi lililo kando yake. Mtu mmoja alizungushe gurudumu taratibu sana, mwingine atazame kwa tochi. Gurudumu likienda na shafti isiende, ulegevu uko nje: sivi ya nje au meno ya habu. Shafti ikienda na kikombe kisiende, ulegevu uko katika sivi ya ndani. Kikombe chenyewe kikizunguka kwanza, kwa mwendo mkubwa, kabla ya kukwama, hapo ndipo tunapoingia ndani ya giaboksi, na difu inakuwa mshukiwa wa haki.

Kisha upimwe upande wa pili kwa namna hiyo hiyo. Hili watu hulipuuza, nalo ndilo lenye faida kubwa. Difu ni moja na inashirikiwa na shafti zote mbili; uchakavu wake utaonekana kulia na kushoto takriban sawasawa. Ikiwa upande mmoja unacheza mara mbili ya mwenzake, tatizo ni la upande huo, na huwezi kuihukumu difu kwa kosa la shafti moja.

Kuna mienendo miwili zaidi inayowachanganya watu. Ukiishika shafti ukaisukuma ndani na nje, itakwenda. Hiyo ndiyo kazi iliyoumbiwa sivi ya ndani, na tumewaona mafundi vijana wakimwonyesha mwenye gari mwendo huo kana kwamba wamegundua maradhi. Kisicho cha kawaida ni kikombe chenyewe kuchomoka kutoka giaboksi. Hapo klipu yake ya kushikilia imekatika au haikuingia vizuri. Mwendo wa pili ni wa juu na chini. Shika karibu na giaboksi utikise. Kidogo sana si neno, lakini kikombe kikicheza waziwazi na mafuta yakawa yanachuruzika pale kwenye oili sili, beringi ya difu au kikalio chake kimekwisha. Kubadilisha oili sili peke yake katika hali hiyo ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Ushahidi wa mwisho dhidi ya difu umo katika mafuta. Giaboksi imwagwe mafuta, na bolti ya kumwagia itazamwe; katika magari mengi ina sumaku. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, au jino zima, hivyo ni hukumu, na hapo hatutamlaumu fundi akisema giaboksi ifunguliwe. Baadhi ya magari ya zamani ya otomatiki huwa na chumba cha pekee cha mafuta ya difu chenye bolti yake. Fundi asiyelijua hilo humwaga mafuta ya gia na kuiacha difu na mafuta ya tangu Japani.

Maadamu gurudumu liko juu, na litikiswe pia kwa kushikwa juu na chini. Likicheza, mtu akanyage breki na jaribio lirudiwe. Ulegevu ukitoweka, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boli jointi, na gari hilo lisiendeshwe tena kabla ya kutengenezwa, kwani boli jointi ikiachia gurudumu hulala. Ulegevu wa kulia na kushoto kwa kawaida ni wa tairodi. Haya hayahusiani na difu, lakini ndiyo yanayoua watu, na yanapimwa kwa dakika mbili.

Kuhusu usalama wa shafti, liko jambo ambalo madereva wengi wa otomatiki hawalijui. P hulifunga gari kupitia difu. Shafti moja ikikatika au sivi ikiachana, nguvu yote hukimbilia upande uliokatika: gari halitakwenda mbele, na P nayo haitalizuia kwenye mteremko. Mtu aliyesimama kwenye mteremko wa kuingilia feri Likoni, akategemea P peke yake huku sivi yake inalia ta-ta-ta tangu mwezi uliopita, amejiweka hatarini yeye na walio mbele yake. Breki ya mkono, ambayo katika magari mengi haya hushika magurudumu ya nyuma, haitegemei shafti hizo. Ivutweni kila mnapoegesha.

Na mipira ya sivi itazamwe kila gari linapobadilishwa mafuta. Huku kwetu pwani mchanga ni adui mkubwa. Mpira ukichanika, grisi hurushwa nje kwa mzunguko, nawe utaiona imetapakaa nyeusi upande wa ndani wa rimu. Mchanga huingia mahali pake na kusaga gololi. Ukiuwahi mpira kabla sivi haijaanza kulia, gharama ni ya mpira, klipu na grisi. Ikishaanza kulia, grisi mpya haitaitibu.

Tuseme sasa kipimo kimethibitisha kwamba difu kweli imechakaa, na mwenye gari hana uwezo. Baadhi ya watu hushauri: "Liuze kabla halijakufia." Kuuza si haramu. Lakini tumesikia ya wanaotia mafuta mazito kupita kiasi, na wengine hata unga wa mbao ndani ya giaboksi, ili mlio unyamaze siku ya mnunuzi. Hiyo ni ghishi isiyo na shaka. Mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake wajibu wake ni kuitaja, na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauziano na akafichwa, sharia imempa hiyari ya kulirudisha gari na kudai mali yake. Sema: "Difu yake inacheza, nimeshusha bei kwa ajili hiyo." Wako mafundi wanaotafuta gari kama hilo kwa makusudi.

Turudi kwa mama yetu. Usigombane na fundi wako. Mafundi wengi ni watu wa kweli wanaofanya kazi juani kwa malipo madogo, ila mwanamke akifika peke yake hukumu hutoka haraka na bei hupanda. Mwambie kwa upole: "Fundi, nionyeshe mauntingi kwanza, kisha upige chaki pande zote mbili, nami nitashika tochi." Akikataa, tafuta mwingine. Akikubali na ikaonekana ni sivi, mwulize kama ataibadilisha sivi peke yake au shafti nzima, na kama nyingine ni mpya au ya mtumba. Ile ya zamani na ikabidhiwe mkononi mwako. Usilipe kabla hujakwenda naye tena kile kiwanja kitupu, ukakata usukani wote kulia, kisha kushoto, ukakanyaga na kuachia mafuta. Baada ya wiki moja chungulia ndani ya rimu. Ikiwa ni kavu, klipu za mpira zimeshika.